Kivuli cha Spana Namba Kumi

Ubaoni kila kifaa kina kivuli chake,
nilivichora mwenyewe kwa rangi nyekundu:
nyundo juu ya nyundo, koleo juu ya koleo,
ili jicho lisome haraka
nani karudi nyumbani, nani bado.

Leo, saa kumi na mbili na robo, kivuli kimoja kiko uchi.
Spana namba kumi. Ndogo kama kidole cha shahada.

Nimehesabu. Mirindi amehesabu.
Tumehesabu kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza,
tukaishia palepale, thelathini na nane,
na ubao unasema thelathini na tisa.

Ndege ya Walikale imekwisha kushiba:
maharage, sabuni, magodoro yaliyokunjwa,
na friji ya chanjo ya muuguzi Nzigire
iliyofungwa mikanda kama abiria.
Barafu, ananiambia, itavumilia saa sita.
Hasemi zaidi. Anaketi kando ya friji yake.

Rubani Lwaboshi anatazama saa, halafu mlima.
Nyiragongo imeanza kuvaa wingu.
"Kanyere, spana moja! Itakuwa mfukoni mwa mtu."
Huenda.
Huenda pia imelala juu ya waya wa usukani wa mkia,
pale nilipojikunja tangu usiku wa manane,
ikingoja ndege iinue pua
ndipo nayo iteleze, polepole,
ikakae kati ya waya na kapi.

Mkubwa anapiga simu kutoka Kinshasa.
Anasema neno "hasara" mara nne.
Ninamsikiliza nikiwa chali, kurunzi mdomoni,
basi simjibu.

Tunafungua sakafu. Maharage yanashuka gunia kwa gunia,
wapagazi wananitukana kwa lugha tatu
na zote nazielewa.

Ng'ambo ya uzio ni Birere:
mabati yanayogusana mabega, harufu ya sambaza kwenye mafuta,
kijana anayeisukuma chukudu yake na mkaa wa watu.
Kule ndege ikipita hawatazami juu,
wanasikiliza.
Injini inayokohoa wanaijua kabla ya rubani wake.
Ninajua, nimezaliwa kule,
njia ya ndege inapita juu ya kitanda cha mama.
Nilikuwa na miaka tisa mlima ulipomeza mwisho wa uwanja.
Uwanja mfupi hausamehi.

Saa nne kasoro dakika tano, jasho limenizidi,
navua koti,
na kitu kigumu kinanigonga paja.
Ndani ya bitana.
Mfuko umetoboka, spana imepita tunduni
ikashuka hadi kwenye pindo,
na usiku kucha nimetembea nayo
nikiitafuta.

Mirindi ameona. Yeye peke yake.
Ana miaka kumi na tisa, ananiangalia
kama mtu anayengoja kufundishwa jambo
na hajui ni lipi.
Ningeweza kusema ilikuwa chini ya sakafu.
Ningekuwa shujaa hadi jioni.

Nafungua daftari. Kalamu yangu inagoma, naazima ya Nzigire.
*Spana namba kumi. Imepatikana kwenye koti
la fundi Kanyere Tsongo. Mfuko umetoboka.
Ndege imechelewa saa tatu na dakika arobaini.
Kosa ni langu.*
Naweka saini.

Lwaboshi anasoma, anacheka puani,
kisha anasoma tena bila kucheka.

Imeondoka. Nimeisikiliza kwa namna ya Birere,
kichwa chini, hadi ikaisha sikioni.
Habari ya barafu sijaipata bado.

Sasa nimekaa juu ya kreti, nashona mfuko
kwa uzi ule mzito wa viti vya ndege,
mishono mibaya, lakini haitafumuka.
Mirindi ametundika spana; kivuli kimevaa.
Anahesabu upya ingawa sijamtuma.
Amefika thelathini na tisa, amenyamaza kidogo,
halafu akajipapasa mifuko yake.